Rubani Yupo

Anayetaka kurusha droni kwa kazi nchini Kenya, iwe ni kupima mashamba au kupiga picha za harusi, hutakiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga awe na leseni ya rubani wa mbali. Marekani nako, tangu Agosti 2016, anayerusha droni ndogo kibiashara hufanya mtihani na kupewa cheti chenye jina hilohilo. Kwa hiyo sheria inamjua rubani huyu: inamtaja, inampima, na akikosea inamwadhibu. Jioni, taarifa ya habari inatangaza kwamba "ndege isiyo na rubani" imeanguka, imeonekana mpakani, imeua. Kauli hizi mbili haziwezi kuwa za kweli kwa pamoja. Ama rubani yupo na mtangazaji amekosea, ama hayupo na mamlaka zinatoa leseni kwa mtu wa kufikirika. Ninachotetea hapa ni kwamba katika sehemu kubwa ya ndege hizi rubani yupo, na kwamba kumfuta katika jina kunawapa nafasi ya kukwepa wale wanaopaswa kuulizwa. Maneno ya kumrudisha Kiswahili kinayo tayari.

Ubishi kuhusu jina la vyombo hivi haukuanzia kwetu. Mwaka 1935 jeshi la majini la Uingereza lilihitaji shabaha ya kuwazoeza wapiga mizinga wake kutungua ndege. Ikaundwa ndege ya kuongozwa kwa redio, iliyotokana na ndege ya mafunzo ya de Havilland iitwayo Tiger Moth, ikapewa jina Queen Bee, yaani malkia wa nyuki. Admirali William Standley wa Marekani alionyeshwa mazoezi hayo, akarudi kwao akitaka jeshi lake nalo liwe na kitu cha namna hiyo. Kazi ikamwangukia afisa Delmar Fahrney, na mwaka 1936 ripoti zake zikaanza kuviita vyombo hivyo kwa neno la Kiingereza la nyuki dume, kwa heshima ya malkia yule wa Waingereza. Neno droni, basi, lilizaliwa kama jina la kitu kinachorushwa ili kipigwe risasi. Hakuna aliyejali nani alikuwa akikiongoza, kwa sababu mwisho wake ulijulikana tangu kilipoondoka ardhini.

Baada ya hapo majina yalibadilika kila mambo ya kijeshi yalipobadilika, na mabadiliko hayo yanafundisha. Katika miaka ya 1970 wanajeshi wa Marekani walikuwa na jina lililomtaja rubani waziwazi: chombo kinachoongozwa na rubani wa mbali. Kufikia miaka ya 1990 rubani alikuwa ameondolewa, na jina rasmi likawa chombo cha angani kisicho na mtu. Katikati ya muongo uliofuata "chombo" kikawa "mfumo", kwa hoja nzuri kwamba ndege yenyewe ni kipande kimoja tu. Kuna kituo cha ardhini, kuna mawasiliano ya satelaiti, kuna watu. Kisha jeshi la anga la nchi hiyo likarudi lilikotoka na kusisitiza ndege ya rubani wa mbali. Jenerali Martin Dempsey, alipokuwa mkuu wa majeshi yote, alitamka hadharani kwamba hatasikika akisema droni. Chama cha wenye viwanda vya vyombo hivi kilipokutana Washington mwaka 2013, hata nywila ya intaneti waliyopewa wageni ilikuwa ni maneno ya Kiingereza yanayowasihi wasiseme droni. Watu hawahangaiki kiasi hicho kwa neno lisilo na uzito.

Usafiri wa anga wa kiraia ulifuata njia yake. Mkataba wa Chicago wa Desemba 1944, ambao ndio msingi wa sheria za anga duniani hadi leo, una Ibara ya 8 inayokataza ndege isiyo na rubani kupita juu ya nchi nyingine bila kibali maalumu. Mwaka ule jina hilo lilikuwa na maana kamili. Tangu mwezi Juni Wajerumani walikuwa wakiirushia London mabomu yenye mabawa, V-1, ambayo yakishafyatuliwa hapakuwa na binadamu wa kuyageuza wala kuyarudisha. Lakini vyombo vilivyojaza anga miaka 60 baadaye vilikuwa vya aina nyingine, na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilipotoa waraka wake mwaka 2011 na mwongozo mwaka 2015, lilitenganisha mambo. Ndege yoyote isiyo na mtu ndani ni kundi kubwa. Ndani ya kundi hilo kuna ndege ya rubani wa mbali, ambayo mtu huiongoza akiwa katika kituo kingine, na kuna inayojiendesha, ambayo rubani hawezi kuiingilia ikiwa safarini. Shirika likaongeza jambo ambalo waandishi wengi wamelipita: kwa siku zinazoonekana mbele, ni zile zenye rubani wa mbali tu ndizo zinazoweza kuchanganywa na ndege za kawaida katika anga ya kimataifa, kwa kuwa wajibu wa rubani haujapata mrithi.

Hebu tumtazame huyo rubani anayesemekana hayupo. Katika jangwa la Nevada, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka Las Vegas, iko kambi ya jeshi la anga ya Creech. Ndani ya vyumba visivyo na madirisha, vinavyofanana na makontena, wamekaa watu wawili wawili mbele ya skrini. Wa kushoto ana usukani na kaba ya injini mkononi, ndiye rubani. Wa kulia anaongoza kamera, na kombora likifyatuliwa ndiye anayeshikilia mwale wa leza juu ya shabaha mpaka lifike. Ndege yao, Predator zamani na sasa Reaper, iko upande mwingine wa dunia. Amri husafiri kwa satelaiti na picha hurudi kwa njia hiyohiyo, na ucheleweshaji wake unaweza kufika sekunde mbili. Kwa sababu ya sekunde hizo, kuruka na kutua hufanywa na kikosi kingine kilicho karibu na uwanja ndege ilipo, kisha usukani hukabidhiwa watu wa Nevada. Nyuma yao wapo wachambuzi wa video, maofisa wa upelelezi, wanasheria na makamanda. Ndege ya kivita ya kawaida yenye kiti kimoja hurushwa na mtu mmoja. Hii inayoitwa haina rubani inahitaji kikosi kizima ili ikae angani usiku kucha.

Umuhimu wa kuwaona watu hawa unadhihirika pale mambo yanapoharibika. Alfajiri ya tarehe 21 Februari 2010, katika jimbo la Uruzgan nchini Afghanistan, Predator iliyoongozwa kutoka Creech ilifuatilia magari matatu kwa saa kadhaa. Wachambuzi wa video waliokuwa Florida waliandika kwamba wanaona watoto. Kikosi cha Nevada kikalififisha jambo hilo na kuendelea kueleza msafara huo kama wa wapiganaji. Helikopta zikaitwa, zikashambulia. Waliokuwemo walikuwa raia. Wamarekani walikiri vifo visivyopungua 15. Wazee wa vijiji walikotoka wasafiri hao walihesabu 23. Uchunguzi ulioongozwa na Jenerali Timothy McHale ulikilaumu waziwazi kikosi cha Predator kwa kutoa taarifa zisizo sahihi na kufanya kazi bila weledi. Uchunguzi huo uliwezekana kwa sababu palikuwa na watu wa kuchunguzwa: mazungumzo yao yalirekodiwa na maamuzi yao yana saa na dakika. Ukiyaeleza mauaji yale kwa maneno "ndege isiyo na rubani", msomaji anabaki kuilaumu mashine, na mashine haina la kujibu.

Pingamizi la kwanza, tena lenye uzito, ni kwamba jina la "rubani wa mbali" linapendwa na wanajeshi kwa faida yao wenyewe. Ni kweli. Marubani wanaoketi Nevada walichoka kudharauliwa na wenzao wanaopaa angani, na jeshi lilitaka kuonyesha kwamba silaha zake zinaongozwa na watu waliofunzwa. Mvutano huo ulijitokeza mwaka 2013, Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilipotangaza mwezi Februari nishani mpya ambayo hata marubani hao wangeweza kuipata, maveterani wakapinga kwa nguvu, na kufika Aprili waziri mpya, Chuck Hagel, akaifuta. Wapinzani wa vita vya aina hii wanasema, basi, kwamba tukitumia jina la jeshi tunalisaidia kusafisha sura yake. Mimi naona kinyume. Ukweli haugeuki uongo kwa kutamkwa na mwenye maslahi, na jina hili likishakubaliwa linamfunga aliyelileta. Jeshi likisema ndege yake ina rubani, haliwezi kesho kusema kosa lilikuwa la mtambo. Waathirika wakiuliza nani alikuwa kwenye usukani, limeshakiri kwamba mtu huyo yupo.

Kwa msemaji wa Kiswahili hoja hii ina nguvu zaidi, kwa sababu neno rubani halikuanzia kwenye ndege. Ni neno la baharini. Rubani alikuwa mjuzi wa njia, mwenye kuzijua nyota, mikondo na miamba, anayechukuliwa na nahodha ili akiongoze chombo mpaka bandarini. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 alikuwa na merikebu, na mabaharia hawakukosekana. Alichokosa ni rubani wa kumvusha hadi Calicut, na mtawala wa Malindi ndiye aliyempatia. Kilichomfanya mtu yule awe rubani ni ujuzi wake wa njia na dhamana aliyobeba juu ya chombo cha wengine. Kiti alichokalia hakikuwa na uhusiano na jina lake. Ndege zilipokuja, neno lilipanda nazo bila taabu, na sasa linaweza kushuka tena ardhini bila kupoteza chochote. Tunaposema "isiyo na rubani" kwa maana ya "isiyo na mtu ndani", tunalibana neno letu kwa kipimo ambacho wenye neno hawakuwahi kulipimia.

Wapo wanaopendelea "ndege nyuki", jina lililoenea sana Tanzania. Lina haiba, na mlio wa panga zile nne zikizunguka unalithibitisha. Tena linakaa vizuri kwenye kazi za amani: kuanzia mwaka 2016 Zanzibar ilipimwa na kuchorwa ramani kwa vijidege vya kampuni ya Uswisi vilivyoitwa eBee, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa miongoni mwa waliovirusha. Lakini jina hili limefuata mnyama bila kuuliza alifikaje hapo. Nyuki aliyelipa jina droni ni dume, asiye na mwiba wala kazi ya kukusanya asali, na ndege yenye makombora manne chini ya mabawa haina uhusiano na yeyote kati ya nyuki hao. Kosa kubwa zaidi ni kwamba nyuki hujirusha mwenyewe. Jina linampendeza mtoto, hakimu litamtatiza.

Pingamizi la pili ni la wahariri: lugha ni ya watu, na watu wameshasema droni. Kichwa cha habari kina nafasi ndogo. "Ndege ya rubani wa mbali" ni maneno matano, droni ni moja. Hapa sina ugomvi nao. Neno droni limeingia, limevaa irabu yake ya mwisho, limekubali ngeli ya ndege bila kulazimishwa, na linaeleweka Mombasa hadi Goma. Libaki kuwa jina la jumla la kila kitu kinachoruka bila mtu ndani. Halidai lolote kuhusu rubani, kwa hiyo halidanganyi. "Isiyo na rubani" ni jambo jingine, maana hiyo ni taarifa kamili, na taarifa hupimwa kwa ukweli wake. Tena ni ndefu kuliko droni, kwa hiyo hata ile hoja ya nafasi haiitetei.

Pingamizi la tatu ndilo gumu. Linasema kwamba rubani wa mbali ni mtu anayeondoka, na kwamba tukibadilisha jina leo tutakuwa tumechelewa, kwa sababu mashine zinajifunza kujiendesha. Ushahidi upo, tena jirani. Huko Muhanga, Rwanda, tangu Oktoba 2016, ndege za Zipline hupeleka damu hospitalini. Ndege hufyatuliwa kwa manati, hufuata njia iliyopangwa kwenye programu, hudondosha boksi lenye parachuti ya karatasi karibu na hospitali, kisha hurudi na kunaswa mkia na waya uliotandazwa kati ya nguzo mbili. Hakuna anayeshika usukani safari nzima. Vitani tofauti ni kali zaidi. Droni za kujilipua za aina ya Shahed huandikiwa mahali pa kupiga kabla ya kuruka, zikaenda zenyewe mamia ya kilomita. Zile ndogo zinazopigana katika mahandaki ya Ukraine huongozwa na askari aliyevaa miwani ya video, anayeona kile droni inachokiona mpaka sekunde ya mwisho. Nyingine huvuta nyuma yake uzi mwembamba wa faiba ili adui asiweze kukata mawasiliano. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba Libya ilishuhudia silaha iitwayo Kargu-2, iliyopangwa kushambulia bila kuhitaji kuunganishwa na mwendeshaji wake.

Lakini mifano hii inaonyesha kwa nini jina moja la "isiyo na rubani" halifai. Askari mwenye miwani alimwona aliyemuua. Aliyeiandikia Shahed mahali pa kupiga alichagua jengo saa kadhaa kabla. Na kama silaha inachagua yenyewe, swali linahamia kwa aliyeiruhusu ichague. Haya ni makosa matatu tofauti mbele ya sheria ya vita, na mwandishi anayeyafunika kwa jina moja anamnyima msomaji jambo la kwanza alilohitaji kujua. Droni za kundi hili la pili na la tatu ziitwe zinazojiendesha, na hata hapo tuwe waangalifu: kule Muhanga, pamoja na ustadi wote wa programu, yupo mtu katika chumba cha udhibiti anayefuatilia safari na mwenye uwezo wa kuiamuru ndege irudi. Rubani amebadilika kazi, na amri ya kuirudisha ndege imebaki mikononi mwake.

Serikali zetu zenyewe hazijaafikiana. Kenya ilitunga kanuni mwaka 2017 kwa jina la mifumo ya ndege za rubani wa mbali. Bunge likazibatilisha mwaka uliofuata, na zile zilizokuja mwaka 2020 zikachukua jina la mifumo ya ndege zisizo na mtu. Tanzania, mwaka 2018, ilichagua jina lenye rubani wa mbali. Droni ikivuka kutoka Tanga kwenda Mombasa inabadilishwa jina angani. Simlaumu Mkenya, maana jina pana linaingiza pia ndege zinazojiendesha, na kanuni zake bado zinadai leseni ya rubani. Shida inakuja kwenye tafsiri, pale "isiyo na mtu" inapogeuzwa "isiyo na rubani" kana kwamba ni kitu kimoja.

Na tafsiri hiyo haiwezi kuahirishwa tena. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, na sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza zinapaswa kutafsiriwa. Kanuni za droni nazo zimo katika foleni hiyo. Baraza la Kiswahili la Taifa, lile la Zanzibar na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki wanaweza kulimaliza jambo hili kwa orodha fupi: droni kwa jumla, ndege ya rubani wa mbali kwa inayoongozwa, ndege inayojiendesha kwa isiyoongozwa, na rubani wa mbali kwa mtu mwenyewe. Vyumba vya habari havina haja ya kungoja. Droni zilipoishambulia Port Sudan mwezi Mei 2025, mhariri alikuwa na njia mbili za kuandika. Angeweza kuifanya droni kuwa mtenda, ikashambulia, ikaua, ikatoweka. Au angeweza kumtafuta mtenda, akaandika nani anatuhumiwa kuituma, kutoka wapi, na kama iliongozwa au ilijiendesha. Na kama hayo hayajulikani, akaandika kwamba hayajulikani.

Hata Umoja wa Mataifa, ulipoanza kutumia droni Goma mwezi Desemba 2013, haukuwa na ndege zisizo na marubani. Zilikuwa Falco za Italia, na waliozirusha walikuwa wafanyakazi wa kampuni iliyokodiwa, siyo walinda amani. Mkazi wa Goma aliyesikia mlio juu ya paa lake alikuwa na haki ya kujua kwamba anayemtazama ni raia wa kigeni mwenye mkataba wa kazi, picha zinakwenda kwa nani, na alalamike wapi endapo ndege hiyo itamwangukia.